Mheshimiwa Asiyejua Kutikisa Finjani

Vita vya Urusi na Ukraine vilikuwa havijafikisha wiki mbili, na kijiwe chetu cha Al Rayyan kilikuwa kimeshavimaliza mara tatu. Mara ya kwanza Urusi ilishinda, kwa sababu Jenerali alifika mapema na hakukuwa na mtu wa kumpinga. Mara ya pili ikashinda Ukraine. Mara ya tatu pande zote mbili ziliweka silaha chini, maana Koya alifunga duka akaenda kuswali na chai ikatukatikia.

Huyo Koya ni Mhindi wa Kerala, mwenye dirisha la karak, ile chai nzito ya maziwa na iliki ambayo Doha nzima huinywa utadhani imeamriwa na serikali. Sisi hukalia kreti za soda kando ya dirisha lake. Mimi naendesha basi la shule. Siku za kazi hupigiwa kelele na watoto, na Ijumaa, badala ya kulala kama mtu mwenye akili, nakuja hapa kupigiwa kelele na watu wazima.

Watu wazima wenyewe ni watatu. Jenerali jina lake ni Silvesta, askari wa kampuni anayelinda pakingi ya duka kubwa. Cheo alijipa mwenyewe kwa kuwa aliwahi kupita NYS, mafunzo ya vijana wa taifa, kule nyumbani Kenya, ingawa waliokuwa naye wanasema alishika mwiko zaidi kuliko alivyoshika bunduki. Balozi ni Wesley, anayefungua milango ya magari kwenye hoteli moja kubwa ya Lusail. Kila waziri anayemfungulia mlango anamhesabu kuwa rafiki. Wa tatu ni Paul, dereva wa familia moja ya Kiqatari. Tunamwita Kampala. Kwao ni Mbale, lakini hajawahi kupata mtu wa kusikiliza marekebisho hayo.

Ijumaa hiyo Jenerali alikuja ameshika simu mbele kama askari aliyekamata mwizi.

"Kampala, hebu kuja hapa! Nyinyi Waganda mko na shida gani? Dunia mzima inapiga kura kule UN. Kenya imesema wazi, Mrusi toka kwa watu. Nyinyi je? Mmekaa tu mikono kwa mfuko!"

"Tulijizuia, ssebo," Kampala akajibu, anapuliza chai yake taratibu. "Kujizuia ni adabu. Kwenu hamkufundishwa?"

"Adabu gani? Jirani anabomolewa nyumba, unaulizwa kama ni vizuri, unasema naomba nisijibu?"

"Ndiyo. Kwa sababu huyo anayebomoa, hiyo tingatinga yake kesho nitaenda kuiomba."

Tukacheka. Hata Jenerali alicheka kidogo, halafu akakumbuka cheo chake.

"Hata Watanzania walijizuia," Kampala akaongeza. "Mbona huwatafuti?"

"Hawako hapa. Mimi napigana na adui aliye karibu. Hiyo ndiyo inaitwa mkakati."

Balozi alikuwa ametoka kanisani, maana Doha hata ibada ya Wakristo huwa Ijumaa, Biblia kwapani, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo ingeweza kukata mkate. Alikaa kwenye kreti kwa uangalifu wa mtu anayekalia kiti cha Baraza la Usalama.

"Shida yenu hamjui lugha ya kidiplomasia," akasema. "Nyinyi mnasikia nchi imesema inasikitishwa, mnadhani ni huzuni. Kuna ngazi. Kusikitishwa, ni kama hawajaona. Kusikitishwa sana, wameona lakini wako lanchi. Kulaani, wameona na wamekasirika. Kulaani vikali, wamekasirika na hawatafanya kitu."

"Na wewe umejuaje?" nikamuuliza.

"Kwani hoteli inaendeshwa aje? Mgeni akilalamika maji ya moto hayatoki, ya kwanza tunamwambia tunasikitika kusikia hivyo. Akirudi tena, tunamwambia jambo lake limefikishwa juu. Akija mara ya tatu amefura, tunampelekea kikapu cha matunda chumbani, na kadi. Ukiona kikapu cha matunda, mzee, jua hayo maji hayatatoka mpaka siku ya kuhama."

"Wallahi Ulaya imejaa vikapu," Kampala akasema.

"Sasa nyinyi ongeeni matunda," Jenerali akadakia, "mimi niongee vita. Huo msafara wa Mrusi, magari ya kivita yamepanga foleni barabarani kilomita sitini na kitu, hayaendi mbele hayarudi nyuma. Wataalamu kwa tivii wanasema sijui matope, sijui mafuta. Uongo mtupu! Mimi nimeangalia picha moja tu nikajua. Reliva hakuja!"

"Reliva?"

"Reliva! Mtu wa kukupokea zamu! Jamaa amesimama lindo masaa kumi na mbili, reliva hajafika, supavaiza hashiki simu. We ungeendelea na vita? Unaketi tu juu ya kifaru chako, unangojea basi ya kampuni."

"Na basi ya kampuni imekwama nyuma ya msafara," nikasema.

"Huyu mzee wa basi ananielewa! Ndio mnaona umuhimu wa kuwa tayari. Mimi pale pakingi niko tayari kila saa. Gari ikija kasi hivi, nishajua itageuka wapi."

"Si juzi iligonga kibanda chako?"

"Ilikuja na upande sikutarajia. Hata majeshi makubwa hufanyiwa hivyo."

"Na hao Wazungu wengine, walikuwa tayari?" Kampala akauliza. "Mimi nilisikia nchi moja tajiri huko, jirani anakaribia kuvamiwa, wakamtumia kofia. Kofia za chuma! Banange, mtu anakuja kukuua, rafiki yako anakuletea kofia. Si bora angekuletea na mwavuli?"

"Kofia ni mwanzo," Balozi akasema. "Sasa hivi wote wako hapa Doha. Wiki hii nimefungua milango mpaka bega linauma. Wanataka gesi. Jana Mrusi alikuwa mtu wao, leo wamekumbuka Qatar kuna gesi. Wanashuka kwa gari wanatabasamu vile mtu hutabasamu akija kwa shemeji alikuwa hamsalimii."

Ndipo Roselyne alipotokea kona ya jengo.

Roselyne Kwamboka ni Mkisii wa Nyamira. Anafanya kazi hoteli moja na Balozi, upande wa karamu, na amepewa kazi ya kuwamiminia wageni kahawa ya Kiarabu. Kwa kawaida huja kijiweni anacheka kabla hajafika. Siku hiyo alikuja na sare ya kazi chini ya jaketi, macho mekundu, simu ameibana mkononi kama kifaranga kinachoweza kutoroka. Koya alimwona kutoka dirishani, akamwekea chai bila kungoja aagize.

Sote tulijua habari yake. Mdogo wake, Arnold, alikuwa anasomea udaktari Kharkiv. Mabomu yalipoanza alijificha na wenzake kwenye handaki la treni, kisha akasukumana mpaka akapata behewa la kuelekea magharibi, akafika mpaka wa nchi jirani. Jina la nchi hiyo siliandiki. Wana karamu nyingi hapa mjini na Roselyne bado anahitaji kazi.

"Amevuka?" nikamuuliza.

"Hajavuka." Alikaa. "Kuna laini mbili, mzee. Moja ya wenyewe, Waukraine, moja ya hawa wengine. Ya wenyewe inatembea. Ya hawa wengine kila wakikaribia geti wanaambiwa rudini nyuma, wenyewe kwanza. Na baridi yenyewe... Asubuhi ameniandikia vidole havishiki simu na betri inaisha. Tangu hapo hapatikani."

Hakuna aliyekuwa na mzaha. Jenerali ndiye aliyeanza kushauri, kwa nia njema, na nia njema ya Jenerali ni kitu cha kuogopa.

"Sista, sikia. Mwambie atafute reflekta. Ile ya manjano. Na redio ya mkono, hata kama ni mbovu. Ukivaa reflekta na ushike redio hakuna geti dunia hii inakuzuia. Mimi nimeingia harusi ya sheikh na reflekta, nikala kondoo mzima, wananiita brother."

"Aki Silvesta."

"Ama bendera!" Balozi akasema. "Koya, si mpwa wako alikuwa huko?"

Koya alitoa kichwa dirishani. Kiswahili chake alikifundishwa na sisi, kwa hiyo lawama ni zetu. "Mpwa yangu, sawa. India bendera basi weka, basi enda, hakuna shida. Ndege kuja, nyumbani chukua. Sasa mama yake biriani pika."

"Umeona? Bendera!"

"Bendera ya Kenya iko wapi huko, Balozi?" Roselyne akamuuliza. "Na basi la kuiweka liko wapi? Nimepiga simu kila mahali. Wananiambia wanafuatilia kwa karibu. Karibu gani, na mtu anaganda?"

 Hapo ngazi za kidiplomasia za Balozi zilimwisha.

"Leo jioni kuna karamu," Roselyne akasema, sauti imeshuka. "Ujumbe wa hiyo nchi ya mpakani. Wamekuja mambo ya gesi. Kiongozi wao atakaa meza ya mbele, na mimi ndio kahawa ya meza ya mbele."

Tukatazamana. 

"Usithubutu!" Balozi akaruka. "Rose, mhudumu haongei na mgeni! Mgeni akikusalimia unaitikia, khalas. Ukifungua mdomo mambo ya familia, kesho mudir wa hoteli anakuweka kwa ndege ya kurudi nyumbani."

"Mvamie!" Jenerali akasema. "Ukifika meza unaanza mara moja, kabla hawajajipanga!"

"Hapana, nnyabo," Kampala akasema kwa upole. "Kazi usipoteze. Jizuie kidogo. Mungu atafungua."

Hilo neno la kujizuia ndilo lililomkuta vibaya. Roselyne alisimama, chai ikamwagika kwenye kiatu cha Balozi.

"Nijizuie? Huyu mtoto nimembeba mgongoni mimi! Mama akienda shamba, mimi ndio nilikuwa nabaki naye. Nyinyi hapa kila siku mnamaliza vita. Mnajua Mrusi anapita wapi, mnajua Mzungu anafikiria nini. Lakini kupitisha mtoto mmoja kwa geti, hamwezi. Na huyu ni askari wa geti!"

 Roselyne akashika njia kwenda kituo cha basi la hoteli, hakugeuka nyuma. Sisi tulibaki tunaangalia vikombe. Sijui wenzangu waliwaza nini, mimi niliona aibu, na aibu hunifanya niwe mkali. Nikamwambia Jenerali aondoe mguu wake kwenye kreti yangu.

Kesho yake Jumamosi hakuna aliyekuwa na sababu ya kuja mapema, na wote tulikuja mapema. Habari za vita hazikuguswa. Jenerali alikuwa na zamu ya usiku lakini hakuwa amelala. Balozi hakuwa kazini wakati wa karamu, kwa hiyo hakujua kitu, na kutojua kulikuwa kunamtesa kuliko sisi.

Roselyne alikuja alasiri. Alikuwa anatembea haraka, na mikononi alikuwa amebeba kitu kikubwa kilichofungwa nailoni inayong'aa na utepe.

Ni Balozi aliyekitambua kwanza. Nilimwona anavyobadilika rangi.

"Nimeongea naye!" Roselyne akasema kabla hajakaa. "Aki nimeongea naye!"

"Sema yote," Jenerali akasema.

Na hapa, kwa wasioijua Doha, niseme jambo moja. Kahawa ya Kiarabu ina sheria zake. Mhudumu anashika dele, birika la kahawa, kwa mkono wa kushoto, finjani kwa mkono wa kulia, anamimina kidogo tu. Mgeni akimaliza anairudisha. Kama ametosheka anaitikisa finjani kidogo, hivi na hivi, basi mhudumu anaondoka. Asipoitikisa, maana yake anataka nyingine, na ni aibu kubwa kumnyima mgeni. Hakuna kusema asante, hakuna kufunika kwa kiganja. Ni kutikisa tu.

"Sasa huyu mheshimiwa," Roselyne akaanza, "mtu mnene, mpole, uso mwekundu. Nikammiminia. Akanywa, akarudisha. Hakutikisa. Nikammiminia. Akanywa, akasema asante sana. Hakutikisa! Nikamimina. Nikagundua, huyu hajui."

"Yesu," Balozi akasema.

"Mwenyeji wao amekaa hapo kando anatabasamu, anaona mgeni anapenda kahawa. Mheshimiwa naye anaogopa kukataa, anadhani atakosa gesi. Ile kahawa ni chungu, mnaijua. Jasho linamtoka. Anachungulia wenzake, wenzake pia wanakunywa tu, wanakufa na tai shingoni. Mwishowe mwenyeji akageuka kuongea na mtu mwingine. Mheshimiwa akaniinamia, akaniuliza pole pole: binti, hii inaisha aje?"

Jenerali alikuwa ameshasimama. "Umemzingira! Umemkatia njia ya chakula na ya choo!"

"Nikamwambia, mheshimiwa, kuna njia, na nitakuonyesha. Lakini kwanza, ndugu yangu yuko kwa mpaka wenu, siku ya tatu, anaitwa Arnold, ni mwanafunzi wa udaktari, na anarudishwa nyuma. Akaniambia, nchi yangu inaguswa sana na hali ya kila mtu bila ubaguzi. Nikammiminia."

Kampala alipiga paja. "Banange!"

"Akanywa. Akasema, kuna taratibu. Nikammiminia. Akasema, atalifikisha jambo hilo kwa wahusika. Nikamwangalia hivi, dele juu. Akasema basi, basi, leo hii hii, kwa simu yangu mwenyewe. Akatoa simu, nikamtajia jina, akaandika mbele yangu. Ndio nikamwonyesha vile wanatikisa. Mzee, aliitikisa hiyo finjani kama kengele ya shule! Meza mzima wakamwona, wote wakaanza kutikisa."

Tulicheka mpaka machozi. Jenerali alimpigia saluti, na safari hii hakuna aliyemcheka kwa kupiga saluti. Alisema huo ndio mzingiro bora aliowahi kuusikia, bila risasi, bila reliva. Mimi mwenyewe nilijisikia nimevuka mpaka.

"Na supavaiza?" Balozi akauliza, sauti yake ndogo.

"Aliniona. Akaniambia nisubiri nje, nikajua kazi imeenda. Lakini asubuhi wakaniita, mudir mwenyewe, anacheka. Ati ule ujumbe umefurahi sana. Ati nimewafundisha utamaduni. Wakaniletea hiki, kutoka kwa mheshimiwa mwenyewe, na kadi iko na jina langu."

Akaweka mzigo juu ya kreti, akafungua utepe. Zabibu, machungwa, tufaha zilizosuguliwa, nanasi moja limevaa majani yake, na ndizi. Kikapu cha matunda.

Hakuna aliyecheka tena. Roselyne Ijumaa alikuwa amekuja baada ya Balozi kumaliza somo lake, kwa hiyo kati yetu ni yeye tu asiyejua tulichokuwa tunakitazama.

"Kuleni basi! Mbona mnaogopa? Ni ya bure."

Kampala alitaka kusema kitu, Jenerali akamkanyaga mguu. Koya, ambaye naye hakuwa na habari, alinyoosha mkono kutoka dirishani akachukua ndizi.

"Kadi inasema nini?" nikamuuliza. Sikutaka kumuuliza.

"Inasema asante kwa ukarimu."

"Jina la Arnold limo?"

"Hapana. Lakini si aliandika kwa simu..." Akatuangalia mmoja mmoja, akaishia kwa Balozi. "Wesley. Nini?"

"Dada yangu," Balozi akasema. Sijawahi kumsikia akimwita mtu hivyo. "Hoteli ikishindwa kumsaidia mgeni..."

Hakumaliza. Roselyne alifanya kazi hoteli ileile, hakuhitaji amaliziwe. Alikaa chini taratibu, akaanza kuifunga tena ile nailoni, utepe unakataa. Niliichukia Ulaya nzima wakati ule, pamoja na gesi yao na kofia zao. Jenerali aligeukia ukuta. Alikuwa analia, na ukimuuliza leo atakwambia ni vumbi.

Simu ya Roselyne ikaita.

Ilikuwa simu ya video, namba ya ng'ambo isiyojulikana. Aliibonyeza mara mbili kabla haijashika. Uso ukatokea, umekonda, midomo imepasuka kwa baridi, kofia ya sufu ya kike imefunika masikio.

"Sista," Arnold akasema. "Nimevuka. Niko upande wa pili. Nimeazima simu ya mtu."

Kelele tuliyopiga ilimtoa fundi viatu wa duka la tatu. Kampala aliruka na chai yake. Balozi alikuwa anapunga Biblia hewani, anasema niliwaambia, niliwaambia, diplomasia inachukua muda, yule mheshimiwa ni mtu!

"Walikuita jina?" Roselyne akauliza, anacheka na kulia kwa pamoja. "Walikuja wakauliza Arnold?"

"Waliuliza nini? Nani?"

"Mheshimiwa. Aliandika jina lako."

"Sista, hapa hakuna mtu anajua jina langu. Nimevuka na mbwa."

Roselyne akaisogeza simu karibu na uso.

"Na nini?"

"Mbwa. Kulikuwa na bibi mmoja kwa ile laini ya wenyewe, mzee sana, ako na mkongojo, na mbwa wake ni mkubwa, mgonjwa wa miguu, hawezi tembea. Bibi hawezi kumbeba. Akaniita na mkono, nikaenda, nikambeba. Mzito kama gunia la mahindi. Tukafika kwa geti. Yule askari akauliza kama mbwa amechanjwa. Bibi akasema makaratasi yamebaki nyumbani, na nyumba haiko. Askari akasema haina shida, mnyama maskini, piteni. Halafu akaniona mimi. Akauliza, na huyu? Bibi akamwambia, huyu ndiye anabeba mbwa."

"Akasema nini?"

"Akasema pita, lakini angalia usimwangushe."

Hakuna hata mmoja wetu aliyejua aweke uso gani. Kampala alisema banange kwa sauti ya chini sana. Balozi alianza, "Kidiplomasia, hii..." na Kampala akamwambia, "Ssebo, jizuie," naye akajizuia.

"Umekula?" Roselyne akauliza.

"Walimpa mbwa kwanza. Lakini nimekula, sista. Supu. Tuko kwa ukumbi wa shule, kuna hita. Wenzangu bado wako kule. Nimewaambia watafute mbwa."

Alisema hivyo kama utani, kisha uso ukamkunjika, naye akauficha kwa mkono. Roselyne hakumwambia nyamaza. Alimwacha alie mpaka akamaliza, huku anapapasa kioo cha simu kwa kidole gumba.

"Ako wapi huyo mbwa?" akauliza mwishowe. "Nionyeshe."

Arnold akageuza simu. Kwenye zulia jekundu, karibu na hita, palilala jibwa zee la kijivu, limefunikwa shuka la watu, bakuli kando, utepe wa ukaribisho umefungwa shingoni. Lilikuwa linakoroma.

Roselyne alisimama kutoka kwenye kreti. Alivuta sare yake ikakaa sawa, akajifuta machozi kwa kiganja, akaiinamia simu kwa heshima zote alizofundishwa karamuni.

"Shikamoo, mheshimiwa," akasema.

Mbwa akainua sikio moja, akaendelea kulala.